Kitambaa Chekundu cha Gereji

Baba yangu ni fundi wa magari, mtaani Buyenzi. Akiacha kazi ya breki nusunusu, hata akienda kuswali tu, hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani, mtu asije akawasha gari akidhani kazi imeisha. Zamani nilikuwa namcheka. Leo naandika programu za kompyuta, na nasema kwa majivuno: mi mutoto ya fundi.

Kliniki moja ya Kamenge ilitaka programu ya kulinda frigo ya chanjo. Frigo ikianza kupata joto, simu ya muuguzi ilie. Frigo hiyo naijua, maana binti mchanga wa dada yangu alikuwa adungwe chanjo kutoka humo.

Nikapitia kazi ya mwenzangu wa ofisini kabla hatujaipeleka. Nikakuta sehemu imeitwa "toa onyo". Jina zuri! Chini ya jina, hakuna hata mstari mmoja. Programu ingefika pale, isikute la kufanya, ikaendelea kimya kana kwamba onyo limetoka.

"Nitaijaza kesho, inshallah," mwenzangu akasema. "Nimeiacha tupu ili programu isigome."

Isigome! Hasira zikanipanda. Inshallah si kichaka cha kufichia uvivu. Nikaandika mule ndani mstari mmoja: simama, useme kazi hii haijafanywa.

Siku ya kuionyesha ikafika mwenzangu bado hajaijaza. Daktari mwenye kliniki akakitumbukiza kipima joto cha frigo kwenye kikombe chake cha chai. Programu ikasimama, ikaandika kwa herufi kubwa: ONYO BADO HALIJAANDIKWA.

Shefu, bosi wetu, akanigeukia, jasho linamtoka. "We! Umetuaibisha!"

"Apana, shefu. Aibu ni chanjo kuoza huku programu inasema kila kitu kiko sawa."

Daktari akacheka, akatupa siku tatu za kuimalizia. Mwenzangu alininunia siku ya kwanza. Ya pili tuliiandika pamoja, tukaijaribu kwa chai mpaka sukari ikaisha ofisini.

Jumapili iliyofuata, mchana, umeme ukakatika mtaa mzima. Frigo ikaanza kupata joto, na kwa kuwa kompyuta ya programu ilikuwa na betri, simu ya muuguzi ikalia. Akakimbia, akahamishia chanjo zote kwenye sanduku la barafu, hakuna hata moja iliyoharibika.

Baba nilipomsimulia, alichana kipande cha kitambaa chake, akanipa. Nimekifunga kwenye kompyuta yangu.

Jumatatu mtoto wa dada akadungwa. Alilia, kliniki nzima ikageuka kumtazama. Wallahi, sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.