Kombe ya Mwamini inavuja

We mutu uliyetengeneza kombe ya watoto wa shule, huna haya.

Leo mujukuu wangu Mwamini ameniletea kombe hapa nyumbani, Jabe. Timu yao ya mpira ya wasichana imeshinda fainali, wamefunga wale wa Kiriri bao moja. Hiyo bao ni ya Mwamini.

Mi nikaita majirani. Nikaosha kombe vizuri, nikajaza jus ya marakuja, yale matunda ya pasheni.

Wa kwanza kunywa nilimuchagua mwenyewe: jirani yangu Mama Saidi. Musimu muzima anasema mutoto mwanamuke hachezi mpira. Basi anywe.

Akashika kwa mikono mbili. Jus ikatoka chini, yote, kwenye kitenge yake mupya.

Akanitazama.

"Hata kombe yao inakojoa," akasema.

Watu wakacheka. Kusema kweli hata mi, kidogo.

Nikageuza kombe. Chini kuna tundu ya visi, ile skrubu ya kukaza.

"Bibi, hii si ya kunywia," Mwamini ananiambia. "Ni ya kutazama."

Ya kutazama? Mutoto amekimbia mupaka kucha za miguu zimetoka, wanamupa chombo ya kutazama?

Apana, sielewi. Nyinyi mulisoma, munieleze hapa chini.

Mwamini, kesho kabla ya kuirudisha shuleni, pitia kwa muchomea vyuma aizibe ile tundu, halafu uilete hapa kwanza. Mwalimu akiuliza, umuambie ni bibi yako.

Na we Mama Saidi, ukuje na kitenge ya zamani. Utakunywa jus mupaka iishe.