Fundi Kufuli na Safari ya Binti Yake

Kaka yangu ni fundi kufuli, na sijaona mtu aliyeendana na kazi yake kama yeye. Akifunga mlango huusukuma. Akishausukuma huondoka, halafu hurudi kuusukuma tena. Mtaani wamempachika jina la Hakikisha, na hilo nalo alilitilia shaka, akataka kujua nani alilianzisha na kwa nini.

Kwa hiyo binti yake aliposema mezani kwamba chuo chao kina mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Ulaya, na kwamba ameomba kwenda kusoma huko muhula mmoja, mimi niliweka kijiko chini. Nilijua yanayokuja.

"Nani analipa?" kaka akauliza.

"Wao, baba. Ni ufadhili."

"Una undugu gani nao?"

"Si mimi tu. Wanafunzi wao pia wanakuja kusoma kwetu."

"Watoke Ulaya waje kusoma kwenye chuo ambacho vyoo havina maji." Akanigeukia. "Shangazi yake, umesikia? Anataka na hilo nalo tuliamini."

Binti anasomea uhandisi wa maji, na kwa kunyamaza hana mpinzani. Alimaliza kula, akaosha vyombo, akaenda kulala.

Kesho yake kaka alifunga kibanda chake cha kufuli mapema, jambo asilolifanya hata akiumwa, akaenda chuoni bila kumwambia mtu. Alirudi amenuna. Ofisi aliikuta, na watu wake aliwakuta. Kilichomkera ni kitasa.

"Kitasa chenyewe unakifungua kwa kijiko," aliniambia. "Ofisi ya kupeleka watoto Ulaya, mlango kama wa banda la kuku."

Alikuwa amemwomba karani amwonyeshe mwanafunzi hata mmoja aliyekwenda akarudi. Karani akamwita kijana mmoja mcheshi, amenenepa kidogo, akamsimulia habari za baridi na treni. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaja nyumbani kuniambia kwamba yule kijana amepangwa.

"Amepangwa na nani?"

"Ndiyo maana Jumatatu narudi."

Hapo nikapandwa na hasira. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kaka alikuwa amekifungia ndani ya sanduku lake la chuma, na bila hicho hapati pasipoti. Nikamfuata kibandani nikamwambia wazi: wewe huogopi matapeli. Unaogopa atafanya kama kaka yetu mkubwa, aliyeaga kwamba anakwenda ng'ambo kwa miezi michache tu, na leo tunamwona kwenye simu, kichwa kimejaa mvi, akituuliza kama mvua zimenyesha. Kaka aliendelea kusugua ufunguo kwa tupa mpaka akauharibu, ikabidi achonge mwingine. Jioni nilikikuta cheti mezani, amekifunika kwa sahani asije mtu akakiona.

Usaili ulikuwa wa kwenye kompyuta, na nyumbani mtandao unasuasua, kwa hiyo kaka mwenyewe akatoa kibanda. Alifagia vumbi la shaba, akasogeza mashine ya kuchonga funguo, akafuta meza mara mbili. Mimi nikakaa pembeni. Yeye akasema atasubiri nje. Hakukaa sana huko. Aliingia kwa kunyata, akachuchumaa chini ya ubao wa funguo, mahali alipodhani haonekani.

Kwenye kioo walikuwa wawili: mwalimu wa chuo chetu, na mwanamke wa huko Ulaya ambaye Kiswahili alikisomea. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi cha kumtia kaka wasiwasi. Wakamuuliza mtoto habari za masomo. Akajibu kwa kukwama, yaani hivi, yaani vile, akirudi nyuma kujisahihisha. Nikatulia, maana tangu utotoni akisema kweli ndivyo anavyosema.

Kisha yule mwanamke akauliza, "Muhula ukiisha, tutajuaje kwamba utarudi kwenu kumaliza masomo?"

"Nitarudi," akasema. "Nchi yangu inahitaji wahandisi wa maji, na familia yangu inanitegemea. Siwezi kufikiria kuishi mahali pengine."

Hakukwama popote. Maneno yalitiririka kama ya kukariri. Nikamtazama kaka, nikaona naye amesikia nilichosikia. Ni yeye aliyemlea.

Akasimama, na kichwa chake kikaingia kwenye picha.

"Huyo ni nani?" mwalimu akauliza.

"Ni baba yangu. Samahani, mwalimu."

"Hakuna shida. Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Basi hebu tusaidie wewe unayemjua. Atarudi?"

Nilijua yamekwisha. Angesita kidogo tu, akune kidevu kama anavyofanya kwa kila mtu, na mtoto angebaki nyumbani. Binti hakugeuka kumtazama. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na nilimwonea huruma, nikamhurumia na baba yake pia.

"Atarudi," kaka akasema. "Nina hakika."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kitu chochote, hata kufuli alizotengeneza mwenyewe. Yule mwanamke akatabasamu, akaandika, wakaagana. Kioo kikawa cheusi.

Binti akageuza kiti.

"Baba, umeniamini?"

"Hapana," akasema. "Lakini nataka uende."

Binti akamshika baba yake mkono kwa mikono yake miwili. Alifungua kinywa, akasema yaani, akakwama, na safari hii hakuahidi kitu.