Friji Haiendi Muthangari

Friji ya mama ilikufa Jumatano, ikiwa sebuleni, mahali ilipoishi maisha yake yote. Watu wa kwetu hawafichi friji jikoni. Kitu kilichogharimu vile hukaa na wageni, kikiwa kimevalishwa kitambaa cha kushona kwa mkono na kuwekewa maua ya plastiki kichwani. Yetu ilinguruma hivi kwamba aliyeombea chakula ilibidi apaze sauti. Ilipozimika, mama alinipigia simu kuniambia kwamba nyumba imenyamaza vibaya.

Humo, kati ya maziwa na sukuma wiki, ndimo zilimokaa dawa zake za macho. Ana presha ya macho, na chupa ambayo haijafunguliwa lazima ikae baridini. Dada yangu mkubwa, anayeishi Muthangari kwenye jumba lenye lifti na mlinzi wa kuandika namba za magari, alifika kwa mama Mutuini siku hiyo hiyo, akazipakia chupa kwenye barafu, akaenda nazo. Jumapili tukiwa kwake kwa chakula alitoa uamuzi.

"Dawa ziko kwangu. Sasa mwenye macho naye aje."

"Mimi sihami," mama akasema, bila kuacha kumenya chungwa lake.

"Nitamnunulia friji nyingine," nikasema.

"Na nani ataifikisha? Kama lori la duka haliwezi kupata nyumba, ambulensi itaipataje?" dada akauliza.

Nina digrii mbili. Nikafanya wanachofanya wasomi wakikosa jibu: nikapandisha sauti. Nikaapa kwamba friji itaingia Mutuini kabla chupa anayotumia mama haijaisha. Dada akasema isipoingia, mama anahamia Muthangari, na mjadala umefungwa. Nilingoja mama abishe. Alinitazama tu kwa yale macho yanayogombaniwa, na chupa, nilijua, ilikuwa imebaki nusu.

Kesho yake nikaenda duka moja katikati ya mji, nikalipia friji. Nilijaza fomu kwa fahari ya mtu anayejua kujaza fomu. Niliandika majina ya mama yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa herufi kubwa. Nikaweka namba yangu ya simu, kwa kuwa mama hapokei namba asizozijua. Mahali pa maelekezo nikaandika: ulizeni stejini kwa watu wa bodaboda, kila mtu anamjua.

Siku ya kwanza ya kuleta mzigo, mama alikaa langoni tangu asubuhi na karai la maharagwe ya kuchambua. Alichambua, akamaliza, akayachanganya tena ili awe na sababu ya kukaa. Mimi nilikuwa mkutanoni, simu imezimwa. Nilipoiwasha nikakuta ujumbe: mteja hakupatikana.

Mara ya pili dereva alinipata. Nilikuwa kwa kinyozi pale Adams Arcade, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Pale stejini walisema hawamjui huyo mama."

"Hawamjui? Ameishi hapo miaka hamsini!"

"Buda, mimi nakuambia vile nimeambiwa. Wamesema tuulize Kikuyu mjini."

"Msiende Kikuyu!"

"Tushafika."

Kinyozi alizima mashine yake kwa heshima, kama mtu aliye matangani.

Jioni dada alinipigia, nikamweleza. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tu kama mama apewe chumba cha jua la asubuhi au kile cha jioni. Nilimwambia asitandike kitanda chochote.

Asubuhi nikarudi dukani. Msichana wa kaunta alitazama kompyuta yake kwa huruma.

"Hapa imeandikwa mteja hajulikani."

"Mimi namjua. Alinizaa."

"Sawa, lakini si uibadilishe tu iende kwingine? Hauna mtu upande wa Lavington, Muthangari hivi? Huko tunaendanga kila siku."

Sikuwa nimemtajia Muthangari. Ndivyo mji huu unavyopanga njama: hata asiyekujua anajua unakotakiwa kushindwa.

"Friji haiendi Muthangari," nikasema, kwa sauti iliyowafanya mume na mke waliokuwa wakichagua televisheni wageuke. "Inaenda Mutuini, na mimi naenda nayo ndani ya lori."

"Hiyo hairuhusiwi."

Nikakaa juu ya katoni ya mashine ya kufulia, katikati ya njia, nikafungua gazeti. Ningependa kusema nilikaa kama shujaa. Ukweli ni kwamba baada ya nusu saa mguu ulikufa ganzi, na meneja alipokuja kuniruhusu ilibidi anishike mkono nisimame.

Lori likaacha lami, mimi nikiwa kando ya dereva. Pale stejini waendesha bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki zao. Dereva alishusha kioo akawasomea tena yale majina matatu kutoka kwenye karatasi.

"Si tulikuambia hatumjui?" akajibu mmoja aliyevaa koti zito na kofia ya sufu. "Wewe hausikiangi?"

Nikachungulia dirishani. Akanitambua.

"Ai! Kumbe ni wewe? Huyu mama ni nani kwani?"

"Ni mama yangu!"

"Mama yako si ni Mama..." na akataja jina la dada yangu. Wote wakaitikia. "Ungesema hivyo! Hiyo majina ingine ni ya nani?"

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa chekechea wa Mutuini anakijua. Tangu mama alipojifungua mtoto wa kwanza, hakuna aliyemwita kwa majina yake. Ni mama wa dada yangu, kanisani, sokoni, kila mahali. Yale matatu hutumiwa na serikali tu.

"Lakini mliwapeleka Kikuyu," nikasema.

"Tuliwatuma makusudi." Mwenye koti hakuwa akiomba radhi. "Mtu akikuja na lori akiuliza shosho mzee na majina ya kitambulisho, huyo ni dalali ama ametoka korti. Huku watu wananyang'anywa shamba hivyo. Mara ya kwanza tukawafukuza. Mara ya pili tukawatuma mbali ndio wamalize mafuta."

"Na mama hamkumwambia?"

"Tumpatie presha ya nini? Tulikuwa tunapita hapo kwake kila jioni tu kuangalia."

Wala mama hakuwa amewaambia kuhusu friji. Kitu hakitangazwi kabla hakijaingia mlangoni.

Lori lilikwama kwenye tope hatua mia mbili kabla ya lango, kwa hiyo wanaume wanne wa bodaboda waliibeba friji mabegani, mwenye koti akitangulia na kuwatukana kwa upendo. Dereva aliuliza jiko liko wapi.

"Jikoni nani ataiona?" mama akasema. Ya zamani ndiyo iliyohamishiwa jikoni, kuhifadhi unga mbali na panya.

Nilimpigia dada nikamsimulia yote.

"Uliuliza ambulensi itafikaje," nikamwambia. "Imuulizie mama kwa jina lako. Na hao walio stejini wakiikataa, watampeleka mama hospitali wenyewe."

Akakata simu.

Jumapili alikuja, chupa za dawa zikiwa kwenye barafu. Mwenye koti alimsindikiza hadi langoni bila kuombwa. Dada alisimama mbele ya friji mpya, iliyokwisha kuvalishwa kitambaa na maua yake, akaifungua, akazipanga chupa moja moja mlangoni. Alibaki hapo akiziangalia, mlango wa friji ukiwa wazi.

"Funga," mama akamwambia kutoka kwenye kiti chake. "Unatoa baridi yangu."