Kingamwili za Mke Wangu

Nilianza kwa kuuza mayai ya kuchemsha kivukoni Kigongo. Darasa la saba sikumaliza, na leo pale Usagara hakuna asiyezijua mashine zangu za kukoboa mpunga. Kwa hiyo mke wangu alipoanza kuvaa sweta jua likiwaka, sauti inakwaruza, shingo imejaa kwa mbele, sikubabaika. Nilijua ni rovu. Nikamletea gunia zima la chumvi ya madini joto.

"Baba watoto, unataka kunikausha kama samaki?"

Tulicheka. Lakini alikuwa anasinzia na ungo wa mchele mapajani, mwanamke ambaye zamani alinishinda kubeba magunia.

Hospitali mjini wakamtoa damu, homoni ikaonekana iko chini. Daktari, binti mdogo tu, akaagiza kipimo kingine ili ajue chanzo. Tuliporudi kuchukua majibu akasema, "Kingamwili zimeonekana, tena nyingi."

Mimi neno kinga nililijua kwenye ule upungufu wa kinga mwilini, basi. Na kwetu mtu akiambiwa "zimeonekana" hasubiri mengine. Nilimgeukia mke wangu, nikakuta ameshanikazia macho, mimi mwanaume wa safari nyingi.

"Siyo huo mnaoufikiria," daktari akawahi. "Wala si mambo ya chumvi. Kingamwili ni kama askari wa mwili. Wa mama wamekosea, wanaishambulia tezi yake ya shingoni wakidhani ni adui."

Nikashusha pumzi, kifua kikarudi mbele. "Basi nipe dawa ya kuwaondoa hao askari. Iwe Dar, iwe India, mimi nitaipata."

"Ya kuwaondoa hatuna, mzee. Tutamrudishia homoni kwa kidonge cha kila siku, huenda maisha yake yote, na atapata nafuu. Ila askari tunawaacha."

"Mnawaacha waendelee kumpiga?"

Akanisogezea karatasi ya dawa.

Nimepambana na wezi wa mpunga, na madalali, na waliotaka kiwanja changu cha Nyakato. Wote hao walikuwa na sura, na wote niliwashinda. Hawa wanakaa ndani ya mke wangu, wanakula chakula chake, wanalala naye kitanda kimoja na mimi.

Asubuhi akishameza kidonge, tunasubiri kwanza kama daktari alivyoagiza, ndipo anywe chai. Namtazama shingo.

"Leo wametulia?" namuuliza.

"Nitajuaje, baba watoto? Hawapigi hodi."

Naendelea kutazama.