Amplifaya ya Kalathoumi Upande wa Wanawake

Binti yangu Kalathoumi anapiga gitaa kwenye sherehe za wanawake, na hapa Mahajanga, pwani ya Madagaska, bado kuna watu wanaouliza kwa nini. Nitawaambia. Tangu usichana wangu, sisi wanawake tumecheza ndani ya ua uliozungushiwa mapazia, wapiga muziki wakikaa nje, kwa sababu wanaume hawaingii. Hawatuoni. Bibi harusi ndiyo kwanza ameinuka, wao wanamaliza wimbo. Mama mkwe ameanza kuchangamka, sinia la wali linawafikia kule nje, muziki unakatika. Tunabaki mikono hewani kama wajinga.

Kalathoumi alichukizwa na jambo hilo tangu mdogo. Baba yake, marehemu Boinali, alimfundisha gitaa chumbani kwetu, mtaa wa Mahabibo. Mchana binti alishona nguo, jioni alijifunza. Alipokuwa mtu mzima, mjomba wake Fazul alimletea kutoka Reunion amplifaya ya kidijitali. Ni sanduku dogo, lakini ndani lina mtambo unaoiga sauti za amplifaya nyingi za kizamani: laini, nzito, za kukwaruza. Alivaa hedfoni akazichezea, akaongeza mwangwi, akaongeza besi, akahifadhi sauti aliyoipenda kuliko zote. Alinivalisha nami nisikilize. Ilikuwa tamu, pana, kama mtu anapiga ndani ya ghala tupu.

Kwa sauti hiyo tulikwenda kisiwa cha Nosy Be, kwenye harusi ya binti wa Bi Zaïnabou. Kalathoumi alikuwa hajawahi kualikwa mbali hivyo, na nilijua akiharibu huko, habari zitafika Mahabibo kabla yetu. Sikumwachia mpakiaji yeyote ile amplifaya. Niliipakata njia nzima, na tulipopanda boti bandari ya Antsahampano niliifunika kwa shiromani niliyojitanda mwenyewe maji ya chumvi yasiiguse. Nililowa mimi.

Kule harusini tulimkuta fundi wa mitambo, Mroivili, amekaa nje ya pazia na spika zake. Akapenyeza waya wa spika hizo chini ya kitambaa. "Chomeka hapo, dada, mengine niachie mimi."

Wanawake walipojaa, matari yakaanza, makofi yakaanza, na gitaa la mwanangu likapotea. Mkono naona unakwenda, sauti sisikii, ila ngurumo, kama gari linalopita mtaa wa pili. Akaongeza sauti, sanduku likapiga mluzi, watoto wakaziba masikio.

"Subhanallah!" alisema Bi Zaïnabou. "Hili sanduku lina mimba ya mbuzi?"

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Mroivili naye akapaza sauti kutoka nje: "Huku inasikika safi kabisa!"

"Basi mwiteni Nourdine apige kinanda chake huko huko nje," alisema Bi Zaïnabou. "Tumezoea hivyo. Mtoto huyu apumzike, ale."

Damu ilinichemka. Apumzike! Mtu ametoka Mahajanga, anarudishwa jikoni kama sufuria iliyotoboka! Nikaenda kwenye pazia. "Mroivili, spika zako zinamtazama nani?"

"Zinanitazama mimi, mama. Nitasikiaje nisipozielekeza kwangu?"

"Na wewe ndiye unayecheza?"

Nilipogeuka, Kalathoumi alikuwa ameshauchomoa waya. Akaiweka amplifaya juu ya kiti, usawa wa masikio, ikitazama wachezaji, itoe sauti kwa spika yake yenyewe. Uso wake ulikuwa umewaka, lakini sauti ilikuwa tulivu.

"Mama zangu, nimekosea mimi. Sauti hii niliitengenezea chumba kimya. Naomba mpige makofi na matari kama mnavyocheza, msinihurumie, niitengeneze upya."

"Tukupigie makofi kwa lipi?" aliuliza mmoja, lakini alikuwa ameshaanza kupiga.

Katikati ya kelele hiyo akafanya kazi. Mwangwi akaufuta karibu wote. Besi akaipunguza, kwani matari yalikuwa yameshachukua mahali pake. Ile sauti nzito akaiacha, akachagua iliyo kavu na safi, kisha akapandisha sauti za kati, zile anazosemea binadamu. Peke yake ingekuwa nyembamba, ya kukera. Ndani ya makofi yale ilikata kama wembe. Bibi harusi alipoinuka, Kalathoumi alimwona akiinuka, akamrudishia wimbo mwanzo. Alipochoka akampunguzia mwendo. Hakuna aliyebaki amekaa.

Tulipokuwa tunakunja mapazia, nikamsikia Bi Zaïnabou akimwambia Mroivili, "Ahsante baba, umeitengeneza mashine ikakubali." Na huyo Mroivili anatabasamu, anapokea!

"Bi Zaïnabou," nilisema, watu wote wasikie, "Mroivili hakuvuka pazia. Angevuka, wewe ndiye ungepiga yowe la kwanza."

Wakacheka, safari hii si sisi tuliochekwa. Bi Zaïnabou akarekebisha mtandio wake. Hakuomba radhi, mtu wa aina yake haombi. Akamgeukia Kalathoumi. "Mdogo wa bibi harusi anaolewa baada ya Ramadhani. Utakuja?"

"Nitakuja, mama," alisema mwanangu, akifunga gitaa lake. "Lakini waya wangu hauendi nje tena."

Bi Zaïnabou alimtazama, akanitazama na mimi. "Hauendi," alisema.