Fomu Arobaini na Tatu za Mwalimu Nukta

Kuna vitu vinavyotia kinyaa kuliko panya aliyekufa nyuma ya kabati, na kimojawapo ni orodha ya uongo iliyopigwa chapa vizuri. Mwalimu Nukta alisimama mbele ya ubao wa matangazo, madaftari kwapani, akawahesabu kwa kidole wanafunzi wa darasa lake waliochagua masomo ya jamii. Kumi na wawili. Akarudia, maana macho ya mtu mzima nayo yana siku zake. Kumi na wawili wale wale.

Juma lililopita watoto thelathini na mmoja walinyoosha mikono mbele yake kwamba mwaka ujao watachukua Historia, Jiografia na Uraia. Na sheria ya shule ilijulikana: masomo yasiyofikisha wanafunzi ishirini yanafutwa. Yakifutwa, chumba chake chenye ramani alizochora kwa mkono na kubandika kwa gundi ya unga kinageuka stoo ya viti vibovu. Alisonya msonyo mrefu hadi mfagizi akageuka kuangalia nani katukanwa.

Huyu mama jina la Nukta alipewa na wanafunzi, na halikumwonea. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwaimbia wimbo mmoja: karatasi haisomwi nusu, isome mpaka nukta, ndipo utie sahihi. Mwenyewe sahihi yake aliimalizia kwa kitone kizito, kama mtu anayegonga msumari. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwahi kusaini mkataba wa karakana bila kuusoma, akasemwa mwezi mzima, asubuhi na jioni, mpaka shemeji mtu akija kusalimia huuliza mlangoni, "Shemeji, niingie tu au kuna pa kusaini?"

Walimu wenzake masomo yake waliyaita kapu. Mtoto akishindwa hesabu, utasikia, "Mtupeni kwa Nukta huko, akakariri vita." Wanasema huku wanatafuna, makombo yanaruka mezani, na wanacheka. Watu wazima hao, wasomi. Uraia umewapita kushoto na kulia, halafu wanaudharau. Aka!

Basi akiwa bado pale ubaoni, alikuja binti wa fundi cherehani, msichana mwembamba aliyekuwa wa kwanza katika Historia tangu aingie shule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jina lako silioni hapa?"

"Nimewekwa Kemia."

"Wewe uliandika nini?"

"Historia. Si ulipita ukaniona naandika?"

"Nifuate," alisema Mwalimu Nukta.

Ofisi ya mwalimu wa taaluma ilinuka chai iliyolala na soksi. Mwenyewe, Bwana Utaratibu, jina alilopata kwa neno lisilomtoka mdomoni, alikuwa akichokonoa meno kwa ncha ya bahasha. Binti alibaki mlangoni. Mlango ulikuwa wazi.

"Watoto wangu kumi na tisa wameenda wapi?" aliuliza Mwalimu Nukta.

"Karibu kiti, dada yangu. Utaratibu umefuatwa."

"Nimekuuliza wako wapi."

Bwana Utaratibu akavuta faili, akalamba kidole, akatoa fomu ya binti na kuisukuma mezani. Kemia, imeandikwa kwa kalamu, herufi za kupendeza kabisa. Chini ya Kemia, ukiiinua karatasi kwenye mwanga, ilionekana alama ya penseli iliyofutwa: Historia. Na chini kabisa, penye nafasi ya mlezi wa darasa, palikuwa na sahihi. Yenye kitone kizito.

Mwalimu Nukta alikigusa kitone kile kwa kidole.

Alikumbuka vizuri sana. Jumatatu asubuhi Bwana Utaratibu alimletea bunda la fomu tupu arobaini na tatu. "Nisaidie, dada, saini zote kabisa. Watoto watajaza kwa penseli, mimi nitazipitishia kalamu ziwe safi." Ndivyo walezi wa madarasa wote walivyofanya miaka nenda rudi, na hakuna aliyeuliza. Naye alisaini zote arobaini na tatu huku akimsimulia mwalimu jirani habari za goti lake. Hata hakutazama chini.

"Maabara mpya inataka watoto sitini, ndiyo masharti ya wafadhili," Bwana Utaratibu alisema, na bahasha ikarudi kwenye jino. "Wenye vichwa tumewapeleka kwenye maana. Wewe tumekuachia wa saizi yako. Halafu unapiga kelele za nini? Sahihi hiyo ni ya nani?"

Mwalimu Nukta aliirudisha fomu mezani. Alitoka, na kule koridoni binti alimuuliza taratibu, bila ujeuri wowote:

"Mwalimu, ulisaini kabla hatujaandika?"

Angeweza kumwambia mambo ya watu wazima hayaulizwi. Wangapi husema hivyo! Lakini alisema, "Ndiyo." Binti akainamisha kichwa, akaenda zake darasani. Heri angemtukana.

Alasiri hiyo alimkuta mumewe karakanani, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, akamweleza yote. Mume alianza kucheka, maana deni la maneno ya mwezi mzima lilikuwa bado halijalipwa, lakini alipomwona mkewe anavyojifuta viganja kwenye gauni, anavifuta tena na tena kama aliyeshika uchafu, kicheko kikamfia.

"Ukinyamaza?" aliuliza.

"Masomo yanakufa, na yule mtoto anasoma Kemia kwa sahihi yangu."

"Ukisema?"

"Ninaumbuka."

"Basi mke wangu, umeshajua. Mimi unaniuliza nini?"

Kesho yake alikuwa kwa mkuu wa shule kabla kengele haijalia. Mkuu alikuwa mtu wa tabasamu laini, laini kama sabuni iliyoloa, nalo lilimwudhi vile vile.

"Mwalimu, mambo ni mawili," alisema mkuu. "Kama sahihi ni yako, fomu ni halali, tumemaliza. Kama si yako, tuite polisi. Na wewe hutaki polisi."

"Ni yangu. Lakini nilisaini karatasi tupu, zote arobaini na tatu. Kilichoandikwa baadaye kwa kalamu sikukishuhudia. Hakuna fomu hata moja iliyo halali hapo."

"Ukiliandika hilo, unajichongea mwenyewe."

"Nipe karatasi, mkuu."

Akaliandika. Fomu zikafutwa, maana baada ya maneno hayo kuwa kwenye karatasi hakuna aliyethubutu kuzikalia. Watoto wakajaza upya ukumbini, kwa kalamu, wazazi wakitazama. Fundi cherehani alikuja na futi yake shingoni. Wengine Kemia ilikuwa imeshawanogea, wakabaki nayo. Masomo ya jamii yalipata ishirini na wawili. Binti alikuwa wa kwanza kurudisha fomu, na aliirudisha baada ya kuisoma mara mbili.

Unadhani Bwana Utaratibu alifukuzwa? Thubutu! Alikumbushwa utaratibu kwa mdomo, na kikombe cha chai juu. Mwalimu Nukta ndiye aliyeitwa Ijumaa na kupewa barua: onyo kwa uzembe, kuvuliwa ulezi wa darasa, na mwaka ujao kupangiwa kidato cha kwanza peke yake. Masomo ya jamii ya wakubwa, wale ishirini na wawili wake, yangefundishwa na Bwana Utaratibu, "kwa uzoefu wake wa taratibu."

"Saini hapo chini kwamba umeipokea," mkuu alisema na kumsogezea kalamu. "Haraka tu, nina kikao."

Mwalimu Nukta alivuta kiti, akaketi. Akaisoma barua mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno. Alipofika kwenye jina la Bwana Utaratibu mate yalimjaa mdomoni, akayameza. Mkuu alitazama saa. Alikohoa. Alitazama saa tena. Mama wa watu alikuwa bado ukurasa wa kwanza.

"Hapa mmeandika fomu arobaini," alisema. "Zilikuwa arobaini na tatu. Rekebisheni."

Ikarekebishwa, ikachapwa upya, naye akaanza kuisoma upya, kutoka tarehe. Kikao cha mkuu kilipita. Mwisho akashika kalamu, akasaini.

Nje, binti wa fundi cherehani alikuwa amekaa ngazini na begi mapajani. Alimtazama usoni, akayaona yote.

"Umeisoma, mwalimu?"

"Mpaka nukta," alisema, akamwomba amsaidie kubandua ramani zake ukutani.