Bando Lililokuwa Linayeyuka Kila Jumatatu

"Varlam, nyumbani kwako kuna mwanamke."

Jirani yangu Shakro aliniambia hivyo asubuhi moja, amesimama upande wake wa uzio, mkononi ndoo ya pumba za nguruwe.

Nikacheka mpaka meno ya bandia yakataka kunitoka.

Mwanamke wa wapi? Mke wangu, Tsiala, yuko Bari, Italia, huu mwaka wa sita, anamtunza bibi mmoja wa Kitaliano asiyeinuka kitandani. Nyumba yangu ina mimi, paka, na harufu ya soksi.

"Namsikia," Shakro akasema. "Kila bando lako likiwa jipya, Jumatatu asubuhi. Anaimba polepole. Leo amepiga chafya."

"Wewe? Uliyekuwa husikii hata radi?"

"Nilikuwa. Sasa nina hiki."

Akageuza kichwa. Sikioni ana kidude kipya cha kusikilizia, watoto wake wamemletea kutoka mji mkuu, Tbilisi. Kina kitaa cha buluu, taa ndogo inayowakawaka.

Kile kitaa kikanikonyeza.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku Shakro. Si kwa sababu ya mwanamke. Kwa sababu ya bando.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtaniona kichaa kabla ya wakati wake.

Kijijini kwetu, milimani juu ya mji wa Zestaponi, intaneti ya waya haijafika. Kila mtu na bando lake la simu. La kwangu nalinunua mwanzo wa mwezi, na kazi yake ni moja tu: Tsiala.

Jumapili ndiyo siku yake ya kupumua. Nami naandaa meza. Mkate wa mahindi, jibini, maharage ya chungu, divai ya mtungi wetu uliofukiwa uani. Shakro anakuja na jirani wengine wawili watatu. Simu naiegemeza kwenye jagi. Mbele yake naweka sahani, naweka na bilauri.

Hicho ndicho kiti cha Tsiala.

Anakunywa nasi kule kule Bari, divai ya dukani, anailaani kila anapoimeza.

Hakuna anayecheka. Kijiji kizima ndivyo kilivyo. Nusu ya wake zetu wanakaa mezani wameegemea jagi.

Mimi ndiye tamada, yaani mkuu wa meza. Tamada ndiye anayeinua bilauri na kusema neno: la amani, la wazazi, la marehemu, la walio mbali. Hakuna anayekunywa kabla yake. Na hakuna anayeinuka kabla hajasema neno la mwisho, la Mama wa Mungu, maana hilo ndilo linalofunga meza. Ukiondoka kabla ya hapo, bora ungemtemea mwenye nyumba kwenye supu.

Basi. Zamani bando lilitosha Jumapili zote za mwezi, hata likabaki la kutazamia utabiri wa mvua.

Agosti mambo yakageuka.

Jumapili ya kwanza tukala, tukaimba. Jumatatu nikaamka, kichwa kinagonga kama kiwanda cha chuma. Nikashika simu.

Ya moto! Moto wa mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Na ujumbe juu: bando lako limekwisha.

Limekwisha na mwezi bado mbichi. Pensheni yangu nayo huja mara moja na kuondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Jumapili zilizobaki kiti cha Tsiala kikawa kitupu. Nilimpigia simu ya kawaida, nikamweleza.

"Si kitu, Varlam," akasema. "Nitakunywa na ukuta."

Ile sauti, ndugu zangu. Afadhali angenitukana.

Mimi ni mtu niliyetembea. Nimeendesha lori kutoka Poti hadi Samarkandi. Nimebeba magunia Odesa. Bulgaria nimelala rumande kwa ajili ya mbuzi ambaye hata hakuwa wangu. Nikajiambia, mtu kama mimi haibiwi na kidude cha mfukoni. Mwizi nitamkamata.

Septemba nikafuta picha za harusi ya watu nisiowajua. Nikafuta mchezo wa karata. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikidhani mwanga ndio mlaji. Hali ya hewa nikawa naisoma kwa kutoka nje na kutazama juu.

Jumatatu: simu ya moto. Bando hakuna.

Oktoba nikatumia akili ya mababu. Wazee wetu waliitunza divai ndani ya udongo, haikuvuja wala haikuibwa. Sembuse intaneti? Jumapili usiku wa manane nikazinduka, wageni wameshaondoka; nikiwa nimelewa lakini mwerevu, nikachukua chungu cha maharage, nikakifuta kwa kiwiko, nikaitumbukiza simu humo na waya wake wa chaji, nikafunika.

Nikalala nikitabasamu.

Jumatatu nikafunua chungu. Simu imeiva. Bando hakuna.

Na ndiyo asubuhi hiyo hiyo Shakro aliponiletea habari za mwanamke, na kile kitaa kikanikonyeza.

Akili ikafunguka, au ndivyo nilivyodhani. Kidude kilikuja Agosti. Bando lilianza kuyeyuka Agosti. Na Jumapili Shakro anakaa wapi? Karibu na jagi! Sikio lake na simu yangu, bega kwa bega.

Kinanyonya!

"Shakro," nikamwambia, "mezani kwangu, sikio hilo utaliacha kwenu."

"Nitasikiaje maneno yako?"

"Maneno yangu unayajua tangu tukiwa na nywele. Hayajabadilika."

"Hilo kweli. Hata utani ni ule ule." Lakini alinuna. Akaondoka na ndoo yake bila kuaga.

Kumbe alikwenda kumwambia mkewe, Lamara. Na ukishamwambia Lamara, umelitangazia bonde zima.

Nikaingia dukani kununua mkate, muuzaji akanipa miwili.

"Nimeomba mmoja."

"Si mko wawili sasa?"

Nikawa mdogo kama kidonge.

Mbaya zaidi, Novemba inaingia, na tarehe ishirini na tatu ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Giorgi. Kwetu sikukuu ni hiyo, nyingine ni mazoezi. Tsiala alikwisha kuomba ruhusa kwa watu wa yule bibi.

"Varlam," aliniambia, "sikukuu hii nisipokaa mezani, nitajua sina kwetu tena."

Nikaapa bando la Novemba litafika tarehe ile, hata kama itabidi nilikalie kama kuku.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nikaandaa meza. Shakro alikuja na sikio lake, amenuna, akakaa mbali na jagi. Nikasema maneno yangu, nikanywa, nikaimba. Ya mwisho ninayoyakumbuka ni kuzinduka usiku na kuisimamisha simu kwenye rafu ya kona, chini ya picha ya Mama wa Mungu, iwe chini ya ulinzi.

Jumatatu nikaamka juu ya benchi, kiatu kimoja. Nikajivuta hadi kwenye rafu, nikainamia simu bila kuigusa, maana ilikuwa inatoa joto kama jiko.

Ujumbe: umetumia sehemu kubwa ya bando lako.

Asubuhi tu!

Damu ikanipanda. Nikatoka na kiatu kile kimoja, nikavuka uzio, nikamshika Shakro mkono, nikamburuta mpaka sebuleni kwangu.

"Soma! Jana lilikuwa zima. Leo limeliwa. Na wewe na sikio lako mlikuwepo!"

"Sikio langu linakula intaneti?"

"Linanyonya! Hata sasa linakonyeza!"

"Varlam, wewe si mzima. Mimi ndiye niliyekunyamazia. Mwanamke yumo humu ndani, nimemsikia leo tena, anahesabu mishono. Mke wako anaosha wazee wa watu huko ugenini, na wewe..."

"Mishono ya nini? Mwanamke gani?"

"Basi nampigia Tsiala sasa hivi. Namweleza yote."

"Hakuna haja ya kunipigia," ikasema sauti.

Sauti ya mwanamke. Kutoka kona ya Mama wa Mungu.

Shakro alichomoa kidude sikioni akakitupa kama kaa la moto.

Mimi? Mimi shujaa wa Samarkandi nilikuwa nimepiga magoti tayari.

"Mama Mtakatifu, nihurumie! Ni divai tu! Na sigara mbili! Na yule nguruwe wa Shakro, mwaka juzi, ni mimi niliyeacha lango wazi!"

"Ni wewe?" Shakro akasema, maana habari za nguruwe wake huzisoma hata midomoni.

"Sigara?" sauti ikasema. "Si uliniambia umeacha?"

Hapo nikaijua. Mama wa Mungu hana lafudhi ya kijiji cha kina Tsiala.

Nikainua kichwa. Chini ya picha, kwenye kioo cha simu, ule ujumbe ulikuwa umeondoka, na nyuma yake uso wa mke wangu, miwani puani, sweta ya bibi mapajani, sindano za kufumia mkononi.

"Tsiala? Umeingiaje humo?"

"Sijaingia. Sijatoka. Nipo tangu jana."

"Tangu jana?"

"Hukufunga meza, Varlam." Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Tangu Agosti hujafunga meza hata mara moja. Tangu uanze ile dawa mpya ya presha, ukifika kwenye neno la walio mbali unazimika kama taa. Hawa wengine wanakubeba wanakulaza, wanatoka kwa kunyata. Mimi nimelelewa. Nitainukaje mezani tamada hajasema neno la mwisho? Mama yangu angefufuka."

"Na simu?"

"Nawe hukuikata. Kuna mstari wa kijani juu ya kioo. Huuoni?"

Nilikuwa nauona. Nilidhani ni pambo la sikukuu.

"Oktoba ulinitia kwenye kitu cheusi," akaendelea. "Giza totoro. Nikasema, basi, wamenizika. Kisha nikasikia unajisifu nje kwa paka."

Shakro alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka anapiga kelele, maana bila kile kidude hajui ukubwa wa sauti yake.

"Lakini Tsiala," nikasema, "wewe ndiye uliyekuwa unakula bando!"

"Mimi? Mimi nilikuwa kimya! Nani alijua kwamba kimya nacho kinakula bando?"

Nikakaa kwenye benchi. Naye akashusha sindano.

"Sikiliza," akasema. "Hapa bibi akishalala kuna saa ya ukutani tu. Inagonga, inagonga. Huko kwetu nasikia kuni zinapasuka. Nasikia paka. Alfajiri nasikia jogoo yule mjinga anayekosea saa. Nakusikia unavyokoroma. Naimba kidogo, nalala. Kila Jumatatu najiambia, kata simu sasa, Tsiala. Kisha najiambia, aa, meza haijafungwa."

Nilitazama kiatu changu kimoja.

Shakro alikuwa amerudisha kidude sikioni. Aliacha kucheka. Akamimina divai iliyobaki kwenye bilauri mbili, akanisogezea moja.

"Tamada," akasema, "fanya kazi yako. Bando lililobaki lifike sikukuu."

Nikasimama. Nimesema maneno mezani mbele ya mawaziri wa zamani na wezi wa sasa, sijawahi kujali nimevaa nini. Siku ile nikatafuta kwanza kiatu cha pili, nikakivaa.

Nikasema neno la Mama wa Mungu. Nikamwomba amlinde aliye njiani na aliye ugenini. Nikasema meza imefungwa.

"Amina," Tsiala akasema. Akavua miwani. Akakata.

Mstari wa kijani ukatoweka.

Nyumba ikawa kimya. Kimya cha namna ambayo Shakro alichomoa kidude chake, akakitikisa, akidhani kimekufa.

Ndipo nilipoelewa. Tangu Agosti, usiku wa Jumapili nilikuwa nalala usingizi wa mtoto, nikiisifu dawa ya presha. Haikuwa dawa.

Nilimwomba Shakro radhi. Akasema hapana, mwombe huyu aliyetukanwa. Basi nikainama, mzee mzima, nikaliomba radhi sikio. Kitaa kikanikonyeza. Habari ya nguruwe bado tunaijadili.

Sikukuu ya Mtakatifu Giorgi bando lilifika. Tsiala alikaa kwenye kiti chake, meza imejaa mpaka sahani zinapandana. Nilisema la amani, la wazazi, la marehemu. Nikafika kwenye neno la walio mbali.

Shakro akainuka, akatoa simu yake mfukoni, akampigia Tsiala, akaiegemeza kwenye jagi badala ya yangu.

"Bando langu limejaa," akasema. "Mimi simpigii mtu. Lamara yupo nyumbani, namsikia bure, hata nisipotaka."

Mimi sikuwa na usingizi hata chembe. Vidonge nilivimeza asubuhi, kama daktari anavyotaka.

Nikafumba macho. Nikaanza kukoroma kabla ya kufunga meza.

Asubuhi simu ya Shakro, aliyoiacha kwenye rafu, ilikuwa ya moto, na kule kona ya Mama wa Mungu mtu alikuwa anaimba polepole.

Kwa hiyo ninyi mnaolia bando limeliwa, kabla ya kumshika jirani shingo, tazameni juu ya kioo. Mkiona mstari wa kijani, msiseme ni pambo. Salimuni.

Huenda anayekula bando lako ni yule ambaye hujamuaga.